Mzimu kwenye Kiti cha Mgonjwa

Neno "asubuhi" niliandika mimi. Nimelikana karibu mwaka mzima. Nililikana kwenye kundi letu la simu, nikalikana kikaoni kwa kunyamaza huku nikinywa soda, na nikalikana mbele ya mke wa mtu niliyemuumiza, wakati ananimiminia chai. Mkono haukuteleza. Karatasi niliyokuwa nanakili ilisema "saa moja", basi, bila kusema ya asubuhi wala ya jioni. Mimi, mwenye shahada mbili na makala kadhaa za kuwasuta watu wasioandika kwa uangalifu, nikaongeza neno moja ambalo halikuwepo.

Niliyemuumiza tulimwita Mratibu. Alikuwa na jina, na kanisani wanamwita kwa jina hilo, lakini kwetu sisi wa redio jina lake lilikuwa kazi yake, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha hatukanyagani.

Nieleze. Kuna ngumi za ridhaa na kuna redio za ridhaa. Zote hazina mshahara, zote zina leseni na sheria, na zote mke au mume wa mhusika huziona upuuzi. Tofauti ni kwamba kwenye ngumi unajua nani kakupiga. Sisi wa Ruvuma tulikuwa saba, na hatukuwa tunazungumza hewani kwa sauti, tulikuwa tunaandikiana. Kompyuta inageuza maandishi kuwa mlio mwembamba, kama wa mbu aliyekwenda shule. Redio inaurusha mlio huo, na kompyuta ya mwenzako inaunasa na kuugeuza tena kuwa maandishi. Uzuri wake ni kwamba watu wengi wanaweza kukaa pamoja kwenye kipande kidogo sana cha masafa, kila mmoja na mlio wake. Ubaya wake ni huohuo. Lazima awepo mtu wa kusema wewe kaa hapa, na wewe sogea pale.

Mratibu alikuwa amefanya kazi maisha yake yote kwenye simu za mezani, zile za mtambo mkubwa uliojaza chumba, akifukuzana na laini zilizoingiliana. Alistaafu mtambo ulipong'olewa, lakini hofu ya laini kuingiliana haikustaafu. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeambiwa ataitwa sasa hivi. Ukimpigia simu akapokea, neno la kwanza lilikuwa, "Kuna nini?" Shikamoo yako aliipokea baadaye, akishahakikisha hakuna aliyekufa.

Nyumba yake iko Bombambili, hapa Songea, na kutoka barazani unaiona milima ya Matogoro, ambayo yeye aliitazama kama adui kwa sababu ilimzuilia mawimbi upande wa mashariki. Wageni wakisifia mandhari alikunja uso. "Mzuri mlima," alisema, "lakini umekaa vibaya."

Jedwali lake la masafa alilichora kwa rula, nyuma ya kurasa za kalenda ya mwaka uliopita. Mkulima wa tumbaku wa Namtumbo alipewa mlio wa hezi mia tisa, hezi zikiwa kipimo cha wembamba wa mlio. Mwenye duka wa Nakapanya, kule Tunduru, alipewa elfu moja na mia saba. Mimi nilipewa mia saba. Yeye mwenyewe alijiweka elfu mbili na mia tano, pembeni kabisa, ambako mashine nyingi husikia kwa shida. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ukigawa kitu ukajipa kizuri, watu hawakusikilizi tena siku ukisema jambo lingine. Alikuja nyumbani kwa kila mmoja wetu na jedwali limekunjwa ndani ya koti, hata Nakapanya alikwenda, siku nzima barabarani, kuhakikisha kwamba mtu ameelewa mstari mmoja.

Katikati ya jedwali, kwenye elfu moja na mia nne, hakukaa mtu. Hapo palikuwa na kisanduku chenye wino mwekundu, na ndani yake aliandika: *Kiti cha mgonjwa.* Maana yake ilikuwa kwamba popote Ruvuma, mtandao wa simu ukiwa umekatika na mtu ana shida ya kufa na kupona, nafasi ile iko wazi, na sisi wengine tunaisikiliza. Alituambia mara moja tu ilikotoka. Enzi za mtambo, mwanaume mmoja alisimama dirishani kwake akiomba laini ya hospitali, na laini zote zilikuwa zimeshikwa na watu wanaosalimiana. Hakutueleza mwisho wa habari ile. Alisema tu, "Tangu siku hiyo sipendi salamu ndefu."

Mtu huyuhuyu aliyeogopa kelele alipiga chafya iliyotikisa vikombe. Aliyetuhimiza tuandike mafupi alinitumia ujumbe wa kurasa nne kunieleza namna ya kuandika mafupi. Alikuwa na saa tatu: moja mkononi, ya Kiswahili; moja ukutani, ya ofisini; na moja mezani, ya dunia, ile inayofuatwa na wanaredio wote ulimwenguni. Saa ya Kiswahili, alitufundisha, unaiongezea tatu tu. Saa tatu asubuhi ni saa sita ya dunia. Afisa mmoja aliyehamia Songea kutoka mkoa mwingine, tulipomwita saa tatu asubuhi, aliongeza tatu, kisha kwa kutojiamini akaongeza tatu tena. Akatungoja hewani saa sita mchana, wenzake tuko kwenye chakula, halafu akatuandikia kwamba wanaredio wa huku ni wavivu. Sote tulicheka. Mratibu hakucheka. Alikwenda kununua kalenda nyingine.

"Huyu ni mmoja ametuambia," alisema. "Wangapi wamekosea wakanyamaza?"

Mkewe, ambaye nitamwita Mama kama tulivyomwita wote, aliiita redio ile mke mwenza. "Hali, hanywi, hajui kupika, na bado analala chumba kizuri," alisema. Walikuwa wamewekeana mkataba. Asubuhi ni ya redio. Ikifika saa kumi na mbili jioni, redio inazimwa na mzee anakuwa wa nyumbani, anasimuliwa habari za jirani, anakula, anaangalia taarifa ya habari. Mkataba huo aliuheshimu kuliko leseni. Kwa hiyo saa moja asubuhi ilikuwa saa yake ya kutuma, na kila mtu aliijua. Saa moja jioni ilikuwa yangu.

Sasa niseme kuhusu kitufe.

Kwenye kompyuta kuna kitufe cha kupandisha sauti ya mlio kabla haujaingia kwenye redio. Ukikipandisha kupita kiasi redio inalemewa, na mlio wako unazaa pacha. Ukiwa mia saba, pacha anatokea mahali palipo mara mbili yake. Anaonekana kwenye kioo cha kompyuta ya mwenzako kama ukungu, lakini hasomeki, hana jina, hakuna kinachosema ni mtoto wa nani. Na mtu hawezi kumwona pacha wake mwenyewe, kwa sababu akiwa anatuma hasikii. Inabidi aambiwe na wengine.

Mara mbili ya mia saba ni elfu moja na mia nne. Hesabu hii hata mtoto wa darasa la pili anaifanya bila vidole.

Nilikipandisha kwa sababu kikiwa chini, Brazili hainisikii. Kikiwa juu, Brazili inajibu, Japani inajibu, mtu mmoja kwenye kisiwa nisichokijua anajibu. Nimeandika makala kwa miaka mingi na wasomaji wangu huchukua miezi kunijibu, wengi kwa matusi. Brazili ilijibu kwa sekunde kumi na tano. Naomba msomaji anipime kwa huruma hapo, au asinipime kabisa.

Mratibu alikuwa wa kwanza kunishuku. Mwenye duka wa Nakapanya alipoandika kwenye kundi kwamba ameona kitu kimekaa kwenye kiti cha mgonjwa, "kama mzimu vile, audhubillahi," Mratibu alinipigia siku hiyohiyo.

"Katibu, umepunguza sauti?" Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kundi.

"Shikamoo, Mratibu. Nimepunguza."

"Marahaba. Umepunguza kiasi gani?"

"Kiasi cha kutosha."

"Cha kutosha siyo kipimo, mama."

"Basi nusu."

Sikuwa nimekigusa. Aliniamini. Hiyo ndiyo kasoro yake nyingine iliyopingana na hofu zake zote. Alishuku mlima, umeme, mvua, na kila waya alioununua, lakini mtu akimwambia nimefanya, kwake ilikuwa imefanyika.

Akaagiza kila mwanachama aandike siku na saa anazouona mzimu. Wengine waliandika siku wakasahau saa; aliyeuona zaidi alikuwa mkulima wa Namtumbo, ambaye aliandika vyote kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi ya daftari, akaipiga picha na kunitumia mimi katibu. Mara kumi na moja. Kila mstari: saa moja, saa moja, saa moja. Alikuwa ametazama saa yake ya mkononi kama mtu yeyote wa kwetu, na kwake hakukuwa na utata, kwa sababu yeye alijua kama nje kuna jua au hakuna.

Mimi nikakaa mezani kuhamishia kwenye ripoti safi. Saa moja ya asubuhi, ukiongeza tatu, ni saa nne ya dunia. Saa moja ya jioni ni ya kumi na sita. Ilinibidi nichague. Ningeweza kumpigia mkulima. Simu ilikuwa pale, karibu na kikombe. Nilikumbuka ni nani hutuma jioni. Nikaandika "asubuhi" kwenye mstari wa kwanza, na mistari kumi iliyobaki nikainakili tu, kwa mwandiko mzuri.

Tulikutana sebuleni kwa Mratibu. Mkulima hakuja, walikuwa kwenye kuchambua tumbaku. Mwenye duka alikuja na basi, amevaa kanzu na kofia yake nzuri. Mama aligawa soda. Mratibu alisimama, akasoma ripoti yangu kwa sauti, mstari kwa mstari, na kadiri alivyosoma sauti ilipungua.

"Saa moja asubuhi," alisema alipomaliza. "Nani anakuwa hewani saa moja asubuhi?"

Chupa za soda zilirudishwa mezani moja moja.

"Jamani, nauliza. Nani?"

"Mratibu, tusiharakishe," mwenye duka alisema, kisha akanigeukia. "Katibu, una hakika ni asubuhi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa," nikasema.

Tazama jibu lile lilivyotengenezwa. Hakuna uongo ndani yake. Lingeweza kusimama mahakamani.

Mratibu alikunja karatasi mara mbili. Redio yake aliiunga mwenyewe kwa mikono yake, kipande kwa kipande, na redio ya namna hiyo inaweza kutupa mzimu popote, siyo mara mbili tu, kwa hiyo alikuwa na sababu nyingi za kuishuku, na nadhani alikuwa amezihesabu usiku. "Basi ni mimi," alisema. "Nimewasumbua watu wote hawa, nimekwenda mpaka Nakapanya kuwafundisha, kumbe anayekalia kiti cha mgonjwa ni mimi." Akatoka nje. Tulimsikia akiburuta ngazi. Alipanda peke yake, akafungua waya mkubwa wa kurushia uliotoka paani hadi kwenye nguzo, akauviringisha mkononi kama kamba ya kufungia ng'ombe, akaja nao ndani na kuuweka nyuma ya kabati. Mwenye duka alikuwa anasema astaghafirullah kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nakunywa soda. Ilikuwa ya machungwa.

Siku ya pili yake mkulima alinipigia.

"Dada, nimeona ripoti kwenye kundi. Asubuhi mimi nipo shambani, redio naisikilizia wapi? Nilimaanisha jioni."

"Ah. Nitarekebisha."

"Rekebisha, dada. Yule mzee ana presha."

Sikurekebisha. Nilifanya kitu kibaya zaidi, nacho kilikuwa na sura ya wema. Nilikishusha kitufe. Kimyakimya, jioni ileile. Mzimu ukatoweka. Na kwa kuwa ulitoweka wiki ileile ambayo Mratibu aliteremsha waya, sasa ushahidi ulikamilika: ni yeye. Hata mkulima alianza kujiuliza kama labda alichokiona jioni kilikuwa kitu kingine.

Tangu hapo simu ikiita niliigeuza kifudifudi mezani. Niliandika makala kuhusu uaminifu wa kumbukumbu, sikuituma. Nilikwenda kumtembelea mara mbili, na mara zote mbili nilibeba neno langu nikarudi nalo. Mratibu alikuwa ametundika waya mfupi dirishani, wa kusikilizia tu. Alikaa na vidude masikioni, akitazama milio ya watu ikipita kwenye kioo, mikono ameiweka mapajani. Kiti cha mgonjwa bado alikilinda. Akimwona mtu wa mbali amepita juu yake, hakuwa na njia ya kumwambia ondoka. Alimtazama tu mpaka apite.

"Zamani nilitaka azime," Mama aliniambia jikoni, akinimiminia chai. "Sasa mtu anakaa na redio asubuhi mpaka jioni haongei nayo, na mimi pia haongei nami. Mwanangu, wewe umesoma. Huyo mzimu kweli ulikuwa wa kwake?"

"Mambo ya mawimbi ni magumu, Mama," nikasema.

Kilichonisukuma hakikuwa dhamira. Kilikuwa uchaguzi. Mwenye duka aliandika kwenye kundi kwamba hatuwezi kukaa bila mratibu, mvua zinaanza, mitandao itakatika, na kwamba anampendekeza mtu makini, mwenye elimu, mwenye kumbukumbu nzuri za maandishi. Watu wanne wakaweka alama ya kidole gumba. Mtu huyo alikuwa mimi.

Nilikwenda Bombambili mchana wa siku iliyofuata, mvua imenyesha, viatu vimejaa udongo mwekundu. Nilikuwa na ripoti mpya, nimeandika upya mistari yote kumi na moja, na neno "jioni" nimelipigia mstari. Mratibu alikuwa barazani anasafisha plagi ya pasi kwa kisu. Nilimwamkia, nikamwambia yote nikiwa nimesimama: kitufe, ile "nusu" ya uongo, karatasi ya mkulima, neno, simu ya mkulima, kitufe tena. Nilikuwa nimeyapanga maelezo vizuri sana nyumbani. Yalitoka hovyo.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alipokea ripoti, akaisoma, akanirudishia.

"Mara ya kwanza ulibadilisha kwa kalamu," alisema. "Leo umebadilisha tena kwa kalamu. Mimi niamini mwandiko upi?"

"Huu, Mratibu. Huu ndio wa kweli."

"Labda umenionea huruma. Umeona mzee amekaa kama gunia, ukasema ngoja nijitwike. Watu wa makala mna mambo hayo." Aliifunga plagi, akakaza skrubu. "Mimi sipandi ngazi kwa huruma ya mtu. Kama ni mimi, ni mimi, na nikirudi hewani namkalia mgonjwa. Unaelewa hilo? Hili siyo suala la wewe kulala vizuri."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo, na sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi.

"Leo jioni saa moja," Mratibu alisema. "Jioni. Nenda nyumbani, weka kitufe chako kama kilivyokuwa siku zile. Tuma mia saba. Mimi nitatazama, halafu nitakupigia."

"Saa moja jioni?" Mama aliuliza. "Na mkataba?"

"Leo nakuomba."

"Haya. Leo tu."

Nilifika nyumbani saa kumi na moja. Nilikaa mbele ya redio muda wote ule bila kuvua viatu. Nilikuwa naogopa mambo mawili yanayopingana. Naogopa pacha atokee, maana hapo nitakuwa nimethibitishwa. Na naogopa asitokee, maana hali ya hewa hubadilika, redio hubadilika, na kama asingetokea, Mratibu angebaki na hukumu yangu maisha yake yote, na hakuna karatasi ambayo angeipokea tena kutoka kwangu.

Saa moja kamili nikapandisha kitufe mpaka mwisho, nikatuma. Sekunde kumi na tano. Nikatuma tena. Simu ikaita.

"Upo mia saba," Mratibu alisema. "Na upo kwenye kiti."

"Ndiyo, Mratibu."

"Usiseme ndiyo, wewe huoni kitu. Mimi ndiye ninayeona. Sasa shusha."

Nikashusha, nikatuma. Upande wa pili nilisikia pumzi yake tu, karibu sana na simu.

"Tuma tena."

Nikatuma tena.

"Mia saba," alisema. "Kiti kitupu."

Nyuma yake Mama aliuliza, "Ni yeye?"

"Mratibu, nisamehe."

"Hilo lina siku yake, na siku hiyo watakuwepo wote, na mkulima naye atakuja, na utasema wewe, siyo karatasi."

"Sawa."

"Sasa zima. Zima kabisa, nisione hata ukungu. Nikishapandisha waya nataka kuita."

"Leo? Giza limeshaingia, Mratibu, na ngazi imelowa."

Simu hakuikata, nadhani aliiweka tu mahali. Nilisikia kabati likisogezwa, kisha ngazi ikigonga ukuta, na sauti ya Mama ikisema, "Nimeshika huku, lakini panda polepole, wewe mzee, polepole."